Mtoto Anayekaza Mwili Si Mkaidi

Haya ndiyo tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia vya upande wa Bureti na Konoin. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakufika wasomewe kikundini.

  Tunajua leo ni siku ya kuchuma, na majani chai hayamngojei mtu. Kwa hiyo hatutawakawiza sana.

Mlituita tuseme juu ya watoto ambao viungo vyao havitii. Kila kijiji kina mmoja au wawili. Wengine mnawajua kwa majina. Wengine hamjawaona, maana wako ndani, mlango umefungwa, na jirani husikia sauti tu. Mama ametoka alfajiri na kikapu mgongoni, na hatarudi mpaka majani ya mwisho yapimwe. Je, kutwa nzima mtoto yule amelala vipi? Nani anamgeuza? Nani anamlisha, na kwa namna gani? Hayo ndiyo maneno yetu ya leo.

Tungependa mwende nyumbani na jambo moja. Mtoto huyu hakazi mwili kwa ukaidi. Anakaza kwa sababu ubongo wake uliumia, na namna tunavyomweka sisi ndiyo inayomlegeza au kumkaza zaidi. Kumweka vizuri asubuhi mpaka jioni si kazi ya mama peke yake. Mkono mmoja haulei mwana.

UGONJWA GANI HUU?

Kwa Kiswahili tunauita mtindio wa ubongo. Kwenye kadi ya kliniki mtaona herufi mbili tu, CP. Maana yake ni kwamba sehemu ya ubongo inayoamuru mwili ukae, ushike na utembee iliumia wakati ubongo ulikuwa ungali unakua. Pengine mtoto alikuwa tumboni, pengine ni wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya kwanza.

Sababu ni nyingi. Kuna uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu mno, mtoto akatoka amechoka, hakulia, ubongo ukakosa hewa. Kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Kuna umanjano mkali wa mtoto mchanga ambao haukutibiwa. Kuna homa ya uti wa mgongo, na kuna malaria iliyopanda kichwani. Hii ya malaria tusiidharau sisi wa milimani. Baridi yetu ilitufanya tudhani mbu ni shida ya Kisumu, lakini katika miaka ya 1990 milipuko ya malaria ilifika mpaka kwenye mashamba makubwa ya chai hapa Kericho. Na mtu ambaye mwili wake haujaizoea malaria huugua vibaya. Mara nyingine hata daktari hapati sababu, na hilo nalo tulikubali.

Laana si sababu. Mama hakukosa. Kanisa halifundishi kwamba mtoto huyu ni adhabu ya mtu yeyote. Tena hauambukizi: mwacheni mtoto wa jirani acheze naye. Mwaka 1861 daktari mmoja Mwingereza, William John Little, aliwaeleza madaktari wenzake huko London kwamba watoto wengi wenye miguu iliyokaza walikuwa wamepata taabu wakati wa kuzaliwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 160 iliyopita. Basi jambo hili halikuanzia katika ukoo wa mtu hapa kwetu.

Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki. Wala hakuna dawa ya kuliondoa, na anayewauzia dawa hiyo sokoni anawaibia. Lakini mwili ukiachwa katika mkao mbaya huzidi kuharibika: misuli hufupika, viungo hukauka, nyonga hutoka mahali pake. Hapo ndipo kazi yetu ilipo.

KAMBA YA KUANIKA NGUO

Hebu fikirieni kamba ya kuanika nguo. Ukiivuta mno inakakamaa. Ukiilegeza mno nguo zinaburura chini. Kila msuli una mkazo wake namna hiyo, hata wakati umepumzika, na ubongo ndio unaopima mkazo huo. Ubongo ukiumia, kipimo kinaharibika.

Watoto wengi zaidi ni wale wanaokaza. Miguu inapishana kama mkasi, visigino havigusi chini, ngumi imefungwa na dole gumba liko ndani. Kwa wengine ni upande mmoja wa mwili tu, mkono na mguu. Kwa wengine miguu imekaza kuliko mikono. Na kwa wengine ni mwili mzima, pamoja na shingo na mdomo.

Wako pia wale ambao mkazo hubadilika wenyewe. Sasa hivi ametulia, ukimwita jina akafurahi, mwili unajipinda, mikono inaruka, uso unakunjamana. Watu husema ana mapepo. Akishikwa na usingizi mwili hutulia. Mara nyingi mtoto wa namna hii anaelewa kila neno mnalosema juu yake. Ule umanjano mkali tuliotaja unaweza kuleta hali hii.

Halafu wako wanaoyumba. Wanatembea wakipanua miguu kama mtu aliyetoka kwenye busaa, na mkono ukitafuta kikombe unatetemeka na kukikosa.

Tena mtoto mchanga anaweza kuanza akiwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa, mama akafurahi kwamba ana mtoto mpole, kumbe miezi ikipita ataanza kukaza. Na wengi wamechanganya hali mbili au tatu. Kwa hiyo msilinganishe mtoto wako na wa mwenzako.

Sasa sikieni hili vizuri, maana ndilo la maana kuliko majina yote: mkazo hubadilika kwa mkao. Mlaze mtoto anayekaza chali, kichwa kitasukuma nyuma na mwili wote utanyooka kama ubao. Mchukue mtoto yule yule, mkunje kwenye nyonga, kichwa kiwe mbele kidogo, mikono ije mbele ya kifua. Utaona anaanza kulegea. Akiogopa atakaza. Akisikia baridi atakaza. Mlango ukigongwa kwa nguvu atakaza. Akiwa na maumivu atakaza.

Tumewahi kumkuta mtoto akichapwa kwa sababu "anakataa kukaa". Yule mtoto alitaka kukaa kuliko aliyekuwa anamchapa.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI?

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Wengine wakaifuata methali hii vibaya. Wanashika miguu miwili ya mtoto na kuivuta iachane. Wengine huifunga kwa vijiti ili inyooke. Jamani, tuache. Msuli uliokaza ukivutwa ghafla hujibu kwa kukaza zaidi. Ukilazimisha unaweza kuumiza kiungo, hata kuvunja mfupa.

Fanya hivi. Pasha mikono yako moto kwanza. Mwambie mtoto unachotaka kufanya. Usianze na nyayo wala vidole, anza na nyonga: zikunje polepole pamoja na magoti, mtikise kidogo upande huu na upande huu, kisha usubiri. Ukisikia mwili unalegea, ndipo uende mbele. Kumvalisha nguo ni vivyo hivyo. Usimvalishe akiwa chali. Mlaze kwa ubavu au mkalishe mapajani. Mkono uliokaza ndio uanze kuingia kwenye shati, na ndio uwe wa mwisho kutoka.

Methali ile ina ukweli kwa upande mmoja tu, yaani kuanza mapema. Mtoto wa miezi minne hajashika shingo, mtoto wa miezi tisa hajakaa, mtoto ambaye hajafika mwaka na tayari anatumia mkono mmoja huku mwingine ameukunja ngumi, mtoto ambaye miguu inakaza kila ukimbadilisha nepi: mpeleke kliniki. Usikubali kuambiwa, "Hata babake alichelewa."

KOSA LETU

Sasa tuseme jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya watu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimtembelea mtoto wa miaka mitatu, mwana wa mama mchuma chai. Tulikuwa na karatasi ya mazoezi. Kila tulipofika tulimwuliza mama, "Je, mazoezi mmefanya?" Naye akajibu ndiyo. Tukatia alama kwenye daftari, tukaondoka tumefurahi. Mtoto alikuwa mwembamba na alikohoa mara kwa mara. Sisi tukasema ni baridi ya huku na umaskini.

Hatukuuliza hata siku moja mtoto anakula vipi.

Siku moja ya likizo ya shule tulipita saa saba mchana bila kutarajiwa. Tulimkuta dada yake wa miaka tisa amemlaza chali mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, anamtilia uji mwepesi kinywani kwa kikombe. Mtoto anakaza, anakohoa, uji unatokea puani. Yule msichana hakuwa na kosa. Alikuwa akimlisha kama watoto wachanga wanavyolishwa, na alikuwa akimpenda. Lakini uji ulikuwa ukiingia njia ya hewa, kidogo kidogo, kila siku. Kifua kile hakikuwa cha baridi.

Tulimwonyesha njia nyingine, lakini tulikuwa tumechelewa. Baada ya wiki chache mtoto alishikwa na nimonia, akafa kabla ya mvua ya masika kwisha. Siku ya mazishi mama alituuliza swali moja tu: "Na yale mazoezi?" Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo, tukiingia nyumba yoyote, tunauliza kwanza juu ya chakula. Mazoezi ya dakika ishirini hayawezi kushinda saa kumi na mbili za mkao mbaya. Tafadhali shikeni haya:

1. Mtoto asilishwe akiwa amelala. Akae, nyonga zimekunjwa, kichwa kiko wima na kidevu kimeinama kidogo. Kichwa kisitupwe nyuma.

2. Anayelisha akae mbele yake, uso kwa uso, chini kidogo. Ukisimama juu yake atainua kichwa kukutazama, na koo litakaa vibaya.

3. Uji mwepesi hukimbia kooni haraka. Uji mzito wa wimbi, viazi vilivyopondwa au kimyet laini iliyolowekwa kwenye mboga ni salama zaidi kwa watoto wengi.

4. Tia kijiko kidogo, nusu tu. Ngoja ameze. Kama mdomo haufungi, shikilia taya kwa vidole bila kulazimisha.

5. Usimzibe pua ili ameze. Usimlishe akilia.

6. Akimaliza, abaki ameketi kama nusu saa.

7. Akikohoa kila mlo, au kifua kikikoroma baada ya kula, mpeleke hospitali na ueleze hivyo hivyo: "Anapokula ndipo anakohoa."

MAMBO YANAYOANDAMANA

Ubongo ni kama nyumba moja. Moto ukiunguza jikoni, moshi hufika vyumba vingine. Kwa hiyo mtoto mwenye shida ya viungo mara nyingi ana shida nyingine isiyoonekana upesi. Mwaka 2012 watafiti walikusanya hesabu kutoka nchi mbalimbali. Walikuta kwamba katika watoto wanne wenye hali hii, watatu wana maumivu. Mmoja kati ya wawili ana shida ya akili. Mmoja kati ya wanne hawezi kusema, na mmoja kati ya wanne ana kifafa. Mmoja kati ya kumi haoni.

Hesabu hiyo muisome na upande wake wa pili. Kama nusu wana shida ya akili, basi nusu nyingine hawana. Mate yanayotiririka yanaonyesha misuli ya mdomo ilivyo. Hayaonyeshi akili.

Tuseme machache juu ya haya. Kwanza kifafa. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa mawe na moto karibu naye. Usimtie kijiko, kidole wala maji kinywani. Ikipita dakika tano bila kuacha, kimbia hospitali. Dawa ya kifafa ni ya kila siku. Msiikatishe ghafla eti kwa sababu mwezi umepita bila kuanguka. Hajaanguka kwa sababu anakunywa dawa.

Pili maumivu. Mtoto anayelia usiku si lazima awe na njaa au tabia mbaya. Huenda nyonga inatoka mahali pake, na hilo humpata karibu mmoja kati ya watatu. Huenda ni choo kigumu, au jino. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine, au analia ukimpanua miguu, omba apigwe picha ya nyonga.

Tatu macho na masikio. Pitisha kitu chenye rangi mbele ya macho yake polepole. Piga makofi nyuma yake. Ukiwa na shaka, omba apimwe. Tumewahi kuona mtoto anaitwa mjinga kumbe hasikii.

Nne kusema. Msichana mmoja wa miaka kumi aliitwa bubu na kijiji kizima. Ni kogo yake tu aliyetuambia, "Huyu hunitazama, halafu hutazama kibuyu, basi najua anataka mursik." Tukamwambia msichana, "Ukitaka kusema ndiyo, tazama juu. Ukitaka kusema hapana, fumba macho." Kwa siku mbili tulidhani hajatuelewa. Siku ya tatu tukamwuliza kama anataka kwenda kanisani na wenzake. Alitazama juu, akayaacha macho pale pale mpaka kogo akaanza kulia. Kumbe miaka yote alikuwa na la kusema, ila hakuna aliyemwuliza kwa njia anayoweza kujibu.

MKAO WA KUTWA NZIMA

Mama wa Kiafrika ana kiti kizuri cha kwanza, nacho ni mgongo wake. Mtoto akibebwa kwa leso, miguu imepanuka na nyonga zimekunjwa, ule mkasi wa miguu unafunguka. Endeleeni. Lakini mtoto hukua. Akiwa na miaka mitano au sita ni mzigo, na mgongo huo huo ndio unaobeba kikapu cha chai. Lazima tupate njia nyingine.

Mkao wa ubavu. Mlaze kwa ubavu, blanketi lililokunjwa liwe mgongoni, mto mdogo kichwani, na kingine katikati ya magoti. Hapo mikono yake itakutana mbele, na ataweza kuichezea.

Mkao wa tumbo. Akiwa macho na mtu yupo karibu, mlaze kifudifudi juu ya gunia lililokunjwa, kifua kimeinuka, mikono iko mbele. Atajifunza kuinua kichwa.

Kukaa. Nyonga zifike nyuma kabisa ya kiti, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga mahali imara zisining'inie. Kama miguu inapishana, weka kigingi laini katikati ya magoti. Mfunge kwa leso kwenye nyonga, si tumboni. Meza iwe mbele yake, mikono ipate kuegemea.

Kusimama. Fito mbili za mkaratusi, kama zile zinazopandwa kwa kuni za kiwanda, zikilazwa sambamba kwenye nguzo kwa kimo cha kiuno chake, zatosha kwa mtoto anayeanza kusimama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaambie kwanza kama yuko tayari.

Asibaki katika mkao mmoja muda mrefu. Tuseme kila nusu saa mtu apite amgeuze.

Kiti chenyewe hakihitaji fundi wa mjini. Huko Zimbabwe mwalimu mmoja, Bevill Packer, alifundisha watu kutengeneza viti kwa karatasi na maboksi. Kusanyeni maboksi dukani. Pikeni gundi ya unga wa ngano na maji. Bandikeni tabaka juu ya tabaka mpaka ubao uwe mnene na mgumu, ukandamizeni kwa mawe, uanikeni juani ukauke kabisa. Ndipo mkate na kuunga, mkimpima mtoto mwenyewe, halafu mpake rangi ili maji yasiingie. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilifanya kazi hiyo. Mtoto alipokalishwa mara ya kwanza alitazama pande zote mbili za nyumba. Alikuwa na miaka minne, na nyumba ile alikuwa ameijua kwa dari yake tu.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Sasa mtasema, "Hayo ni mazuri, lakini mama yuko shambani." Ndiyo. Tena yule dada wa miaka tisa asiachiwe kazi ya mtu mzima.

Tupige hesabu. Siku za kazi ni sita. Ukizigawa mbili mbili, asubuhi na mchana, ni zamu kumi na mbili. Kama kikundi kina watu kumi na wawili wengine, kila mmoja anatoa nusu siku kwa wiki. Basi. Nusu siku ya kukaa na mtoto, kumgeuza, kumlisha ameketi, kuzungumza naye. Yule mama naye apumzike zamu moja, alale. Hata mama wa mtoto huyu ana mwili.

Jambo hili si ndoto. Kule Kilifi walezi wa watoto wenye ulemavu waliunda vikundi vya kujisaidia kama hivi vyenu, wakaanzisha miradi na kushauriana juu ya watoto. Watafiti waliwafuatilia, na mwaka 2020 wakaandika kwamba walezi walijiona wana watu wa kuwasaidia zaidi, na hali yao wenyewe wakaiona afadhali.  Walianza kwa kukutana.

Wakulima mnaopeleka majani viwanda vya Litein, Kapkatet, Momul, Tegat au Mogogosiek, bonasi ikija kila mmoja atoe kidogo kiwekwe kwa nauli ya hospitali na dawa ya kifafa. Wale wa mashamba ya kampuni hawana bonasi hiyo, lakini mzunguko wa kila mwezi mnao. Mama huyu aanze kupokea.

Akina baba, tunawaomba kwa heshima. Mtoto huyu ni wako hata asipokimbia na ng'ombe. Kiti kile cha maboksi kinahitaji mikono yako. Na mama asiachwe aitwe majina kwa sababu ya jambo ambalo si yeye aliyelifanya. Wazee wa kokwet walisemee hilo kikaoni.

MLANGO GANI MPIGE HODI?

Kwa matibabu, anzeni na kliniki iliyo karibu, kisha hospitali kubwa: Kericho, Kapkatet, Longisa, au hospitali za misheni kama Kaplong, Litein na Tenwek. Ulizeni siku ya mazoezi ya viungo. Mtoto akihitaji upasuaji wa mifupa au misuli, iko hospitali ya watoto ya CURE kule Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998. Chama cha APDK nacho kimehudumia watu wenye ulemavu wa viungo tangu 1958, na hutengeneza viti vya magurudumu.

Kwa shule, nendeni kituo cha kupima watoto, EARC, kwenye ofisi ya elimu. Vituo hivi vilianza mwaka 1984. Wao ndio wanaoshauri mtoto aende shule gani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kupata elimu. Sheria ya mwaka 2003 juu ya watu wenye ulemavu imepokewa na sheria mpya ya mwaka 2025. Mwandikisheni mtoto kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ili apate kadi, baada ya kupimwa hospitalini. Tena mwulizeni chifu juu ya Inua Jamii, ile fedha ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Si kila aombaye hupata, lakini asiyeandikwa hapati kabisa.

Na kwa walio wajawazito: hudhurieni kliniki, mkajifungulie penye mkunga aliyefunzwa. Mtoto mchanga akiwa na umanjano wa macho na hataki kunyonya, asingoje kesho. Homa yenye degedege nayo isingoje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu kuna watoto wangapi wa namna hii? Ni yupi ambaye hajatoka nje mwezi huu?

2. Jana mchana nani alimlisha, na mtoto alikuwa amekaa vipi?

3. Nani yuko tayari kutoa nusu siku, na siku ipi? Andikeni majina kabla ya kufunga kikao.

4. Maboksi tutayapata wapi, na baba yupi atapima kiti?

Tungefurahi, tukirudi, mtuonyeshe orodha hiyo ya majina. Hatutauliza habari za mazoezi kwanza. Tutaomba tukae nanyi wakati wa chakula, tumwone mtoto akila ameketi, na anayemlisha akimtazama usoni.